Ile Picha ya "Stesheni ya Nakuru, 1901" Si Nakuru, na Si 1901

Wasee, leo naanza na kuomba msamaha.

Mwezi uliopita niliweka vidio ya sekunde arobaini hivi. Ilikuwa na picha moja tu ya zamani, nyeusi na nyeupe. Kichwa cha treni kikubwa kimesimama, mvuke unapanda, wanaume watatu wamejipanga kando yake, na kwa mbali nyuma yao kuna kilima. Juu ya picha nikaandika kwa herufi kubwa, "STESHENI YA NAKURU, 1901". Nikaweka muziki wa huzuni, nikaposti, nikaenda kulala. Kuamka, vidio imeenda kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Watu walisifu, watu walishea, na wengine wakapigana kwenye kamenti kuhusu mkoloni mpaka saa saba usiku. Mimi hapo najiona mwanahistoria wa Nakuru nzima.

Siku ya tatu msichana mmoja akaandika: "Nimeonyesha babu yangu. Anasema umedanganya watu mara mbili kwa laini moja."

Mara mbili! Na laini yenyewe ilikuwa na maneno matatu na mwaka.

Ningeweza kumblock, nakubali niliwaza hivyo. Lakini nilimwandikia, akanijibu kwamba babu yake alifanya kazi ya reli tangu 1966, alianza kama faimani akastaafu akiwa dereva, na kwamba kama nina ubishi nipeleke ubishi wangu Lanet, mzee huwa nyumbani. Basi Jumapili nikaenda, na mkate na majani ya chai, kwa sababu hata ukiwa umeitwa kugombezwa huwezi kwenda kwa mzee wa watu mikono mitupu.

Sikugombezwa. Alinikaribisha, akauliza nyumbani ni wapi, tukanywa chai, kisha akaomba simu yangu. Akaishika mbali na macho jinsi wazee hushika simu, akaniambia, "Mjukuu wangu, soma namba."

Nikaikuza picha. Namba ilikuwa upande wa kichwa, imefifia lakini inasomeka. Ilianza na sita, ikafuata sifuri.

"Sasa hiyo 1901 uliitoa wapi?"

Niliitoa kwa ukurasa mmoja wa picha za kale. Na wao waliitoa kwa ukurasa mwingine. Sikumwambia, lakini nadhani aliona usoni.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho nitawafunza sasa hivi, bure. Namba za vichwa vya East African Railways ni kama namba ya mwanafunzi. Tarakimu mbili za kwanza ni darasa, mbili za mwisho ni nafasi yake ndani ya darasa hilo. Ukiona 5930, hicho ni kichwa cha darasa la 59, cha thelathini. Ukiona 2921, ni darasa la 29, cha ishirini na moja. Huo mpangilio ulikuja na East African Railways and Harbours, ambayo ilianzishwa 1948. Kwa hivyo namba peke yake tayari inakuambia kwamba picha haiwezi kuwa ya 1901. Na ukijua darasa unaenda mbele zaidi: vichwa vya darasa la 60 vilianza kazi 1953 na 1954. Nilikuwa nimekosea kwa zaidi ya miaka hamsini. Hiyo ni sawa na mtu kuweka picha ya nduthi na kuandika "usafiri wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia".

Lakini mzee hakuishia hapo. Akaniuliza, "Unaona jina lolote juu ya hiki kichwa?" Hakukuwa na jina. Akacheka. Vichwa vya darasa la 60 vilipewa majina ya magavana wa kikoloni, kila kimoja na kibao chake. Baada ya uhuru vibao vikatolewa. Kwa hivyo kichwa cha darasa la 60 ambacho hakina jina kinatuambia kwamba hapa bendera ilikuwa imeshashuka. Picha niliyoipigia muziki wa huzuni kuhusu mkoloni ilipigwa Kenya ikiwa huru, na wale wanaume watatu wamesimama hivyo, vifua mbele, pengine kwa sababu hiyo.

Na hiyo ya pili? "Hii si Nakuru." Akaweka kidole kwenye kilima. "Angalia vizuri. Kimelala."

Nikaangalia. Manze, nimepita hiyo barabara ya Nairobi labda mara mia, na sikuwa nimekitambua. Ni kile kilima cha ng'ambo ya Ziwa Elmenteita kinachofanana na mtu amelala chali, paji la uso, pua, kidevu. Wamaasai wanamwona moran amelala. Walowezi waliona pua ya Lord Delamere, wakakiita hivyo, Pua ya Delamere. Kilima ni kilekile, inategemea nani anaangalia na anatafuta nani. Picha ni ya Elmenteita.

Sasa, najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Na hii inatusaidia na nini? Watu hawana kazi, wewe unahesabu namba za treni." Ni swali la haki, nitalijibu, lakini kwanza nimalize kuwafunza kusoma, maana ndiyo sehemu tamu.

Mbali na namba, tafuta herufi. Reli hii imebadilisha jina mara nyingi na kila jina limeacha herufi zake kwenye mabehewa, mageti, mizani, hata vijiko. UR ni Uganda Railway, ile ya mwanzo iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901. Katika miaka ya 1920 ikawa ya Kenya na Uganda, ndipo unapata KUR. EAR&H inaanza 1948. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, ikabaki EAR. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata ikaja KR, Kenya Railways. Mzee aliniambia, "Jina lilibadilika mara mbili nikiwa kazini. Mafuta kwa nguo zangu hayakubadilika."

Na hayo mafuta pia ni ushahidi. Kwenye sinema faimani ni mtu mwenye sepetu anatupa makaa motoni, jasho linatiririka. Huku kwetu mwanzoni walichoma kuni na makaa ya mawe, kweli, lakini vile vichwa vikubwa vya miaka ya 1950 vilichoma mafuta mazito. Mzee hakuwahi kushika sepetu. Kazi yake ilikuwa kusimamia moto wa mafuta kwa mkono kwenye vali na jicho kwenye moshi: moshi ukiwa mweusi unaharibu mafuta, ukikosa kabisa unakosa nguvu, na mlima haukungoji. Alinionyesha kwa mkono, kidogo hivi, kidogo hivi, kama mtu anatafuta stesheni kwa redio.

Umbo nalo linasema. Ukiona kichwa kimoja kinachoonekana kama vichwa viwili vilivyogombania boila moja katikati, hiyo ni Garratt, kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, ingawa baadhi ya hizi za darasa la 60 zilitengenezwa Ufaransa kwa niaba yao. Kwa hivyo hata ukiiita "treni ya Mwingereza" unaweza kuwa umekosea hapo pia, haha. Garratt ina seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, na boila inaning'inia katikati, kwa hivyo inaweza kupinda kwenye kona kali na bado ikagawa uzito wake juu ya reli nyembamba ya mita moja. Bonde la Ufa halitaki kitu kingine. Fikiria treni inashuka kutoka ukingo wa bonde, inapita Naivasha, Gilgil, Elmenteita, inafika Nakuru, kisha inapanda tena Mau kupitia Njoro, Elburgon na Molo. Ile njia nyingine, ya Eldoret, inapanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, juu kuliko stesheni nyingine yoyote ya himaya yote ya Waingereza. Kubwa kuliko zote zilikuwa za darasa la 59: vichwa 34, kila kimoja tani 250 hivi, vikali kuliko vichwa vyote vya mvuke duniani vya reli ya mita moja. Vilipewa majina ya milima. Kulikuwa na Longonot. Kulikuwa na Menengai, ndio, Menengai yetu. Vimebaki viwili tu, Mount Gelai na Mount Shengena, viko kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi, na milima hiyo yote miwili iko Tanzania. Menengai ya chuma iliishia kwa vyuma chakavu.

Majengo nayo? Hapo nilikula aibu nyingine. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, kwa hivyo wengi wetu tunafikiri lile jengo la stesheni tunalopita tukienda tauni ni la wakati huo. Si la wakati huo. Ni la miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ilikuwa inajenga kana kwamba itakaa miaka mia nyingine, huku nje watu wanapigania mashamba. Ukilitazama vizuri linajisema lenyewe, zege, mistari iliyonyooka, halina uhusiano wowote na vibanda vya mbao na mabati vya miaka ya mwanzo. Sisi tunaona kitu cha zamani na kusema "cha mkoloni", basi, kama vile ukoloni ulikuwa siku moja ndefu.

Na hilo ndilo jibu langu kwa yule aliyeuliza hii inatusaidia na nini. Ukikosea mwaka, umekosea stori yote.

Chukua mwaka 1900 huo huo. Treni ya kwanza ilipofika hapa, hapa hapakuwa Kenya. Naivasha na Nakuru zilikuwa upande wa Uganda mpaka 1902, ndipo mpaka ukasogezwa na tukahesabiwa huku. Hakuna mtu aliyeulizwa. Kisha 1904 Wamaasai wakawekwa kwenye mkataba uliowaondoa kwenye bonde hili, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini, ili ardhi iliyo kando ya reli ibaki wazi kwa walowezi. Mwaka 1911 wale wa Laikipia wakaambiwa wahame tena. Walienda mahakamani, na 1913 wakashindwa. Reli ilikuwa imekula zaidi ya pauni milioni 5 za Waingereza na ilihitaji mizigo ya kubeba, hiyo ndiyo hesabu iliyokuwa nyuma ya yote. Hata ramani inakubali: angalia matawi yalielekea wapi. Tawi la Solai, tawi la Gilgil kwenda Thomson's Falls lililofunguliwa 1929, ambapo leo tunaita Nyahururu. Njia hizo zilifuata mashamba ya walowezi, ngano yao, ng'ombe wao na maziwa yao.

Halafu miaka ya 1950 inafika, na kiwanda kimoja cha Glasgow, North British, kinatengeneza vichwa vya darasa la 29. Hivi navyo vinapewa majina, safari hii majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Kichwa 2921, ambacho unaweza kwenda kukigusa kwa mkono wako kule makumbusho ya Nairobi, kinaitwa "Masai of Kenya".

Soma hiyo tena polepole. Watu walihamishwa kupisha reli, kisha jina lao likapigiliwa kwenye treni, kama pambo. Na wale wenyewe majina, wakipanda, wengi wao walipanda daraja la tatu.

Ukiweka kile kibao kwenye picha na kuandika tu "treni ya zamani, so aesthetic", umepita juu ya hiyo stori yote kama gari juu ya tuta. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nilipita juu ya yangu nikiwa na muziki wa piano.

Sasa nirudi kwa vita vya kamenti, kwa sababu kulikuwa na kambi mbili na zote mbili zilinichosha. Kambi ya kwanza: "Wazungu walitujengea, sisi hata kupaka rangi tumeshindwa." Nani alikujengea? Watu kama 32,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba kuja kuijenga hii reli, na kama 2,500 kati yao walifia huku. Waafrika walibeba, walichimba, walifyeka. Hakuna mzungu aliyekujengea wewe kitu, walijenga njia ya kufika Uganda na wewe ukakuta stesheni mlangoni. Na hiyo rangi unayosema tumeshindwa kupaka, hao wazee wa Lanet waliendesha hii reli miaka na miaka baada ya mzungu kwenda, na ilitembea.

Kambi ya pili: "Bomoa hizo takataka zote za mkoloni." Hapa naelewa hasira, na sitaki kuwa yule mtu wa kuambia watu watulie. Lakini fikiria ni nani atafurahi ukibomoa. Ushahidi wa jinsi ardhi ya Bonde la Ufa ilichukuliwa umeandikwa kwenye karatasi ambazo wengi wetu hatutawahi kuziona, na umeandikwa pia kwenye vitu ambavyo kila mtu anaweza kuviona: wapi reli inapinda, wapi stesheni imewekwa katikati ya shamba ambalo halina kijiji, jina gani liko kwenye kibao. Ukiondoa hivyo, inabaki karatasi tu, na karatasi ziko kwa wenye ofisi.

Na kuna kambi ya tatu ambayo haiandiki kamenti. Inakuja na pesa, inataka stesheni igeuzwe kuwa mkahawa wa kahawa ghali, na ukutani picha kubwa ya treni isiyo na maelezo, ama yenye maelezo kama yangu. Hiyo ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Sipingi mkahawa, jengo lenye watu ndani haliozi haraka. Ninachopinga ni kuuziwa kahawa na uongo kwa bei moja.

Wala msifikirie tunaongea kuhusu maiti. Ile reli mpya ilifika upande wa Suswa 2019 ikasimama, na kutoka hapo mzigo unaoendelea magharibi unaunganishwa na njia hii hii ya zamani. Desemba 2021 treni ya abiria ya Nairobi kwenda Kisumu ilirudi kwenye mataruma haya haya. Kila mara kunapotajwa kusongesha reli mpya mbele, mimi nawaza stesheni ndogo ambazo hakuna mtu amezipiga picha vizuri, na nani atajua zilikuwa nini siku trekta likija. Nilienda moja kuomba ruhusa ya kurekodi. Sitaitaja, maana aliyenipokea alikuwa mpole na kosa si lake. Aliniambia nilete barua. Niliuliza barua ya nani. Akafikiria, akasema, "Hiyo ndiyo hata mimi huwa najiuliza."

Lazima niseme kitu cha haki kuhusu Waingereza, wasee wataninunia lakini basi. Wako wazee huko Uingereza ambao hawajawahi kula chakula Nakuru, na wanajua kila kichwa cha darasa la 59 kwa namba na jina. Walipiga picha, waliandika orodha, walitunza. Bila orodha zao nisingeweza kuhakikisha nusu ya yale mzee aliniambia. Nawashukuru. Lakini orodha zao zinajua namba ya kichwa, zinajua kiwanda, zinajua mwaka. Haziwajui wanaume watatu waliosimama kando yake. Hiyo sehemu waliiacha wazi, na si wao wa kuijaza, ni sisi, kwa sababu waliobaki wanaojua wanaishi Lanet, Njoro, Molo, Gilgil, wanapandiwa matatu na wajukuu kwenda kliniki ya presha.

Ndiyo maana nasema hii si kazi ya kungoja kaunti ama wizara. Wizara ije na bango lake la maelezo pale stesheni, lenye mwaka wa kweli, lenye majina ya zamani na mapya, tutashukuru. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji 2021, na jiji ambalo lilizaliwa na reli linaweza kumudu bango. Lakini bango linangoja. Mzee wa miaka karibu themanini hangoji. Unaye guka, kwaru, babu, yeyote wa familia aliyefanya reli, hata kama alikuwa anapika kwa behewa la chakula ama anapeperusha bendera? Keti naye saa moja, washa simu, mpe picha, nyamaza. Mwanzoni atakuambia, "Aah, hizo ni stori za zamani." Mimi wangu alisema hivyo, halafu alizungumza saa tatu na chai ikapoa mara mbili.

Na kabla hujaposti picha ya kale ya hii njia, angalau soma namba, soma herufi, tafuta mlima. Milima yetu haihami. Ukiona Longonot na ukingo wake uliokatika juu, uko upande wa Naivasha. Ukiona mtu amelala, uko Elmenteita. Ukiomba kurekodi stesheni yenyewe, ombeni wenyewe kwanza, na msitembee juu ya reli mkidhani imekufa, treni za mizigo hazipigi hodi.

Nimeshaifuta ile vidio. Nimeweka nyingine, haina muziki. Kabla sijaondoka Lanet siku ile nilimuuliza mzee kama anawajua wale watatu. Hapo ndipo aliangalia picha kwa muda mrefu kuliko kwa namba na kilima pamoja. Mwenye bendera ni gadi, akasema. Wa katikati ni dereva, "ona anavyosimama, dereva husimama kama baba mwenye nyumba." Wa mwisho ni faimani, ana kitambaa shingoni, alikuwa nacho pia yeye, cha kufuta uso. Alifikiri angemjua. Aliita majina matatu manne kwa sauti ndogo, akatikisa kichwa. "Ningekuwa na macho ya zamani."

Kwa hivyo maelezo ya sasa yanasema: "Elmenteita, baada ya 1963. Kichwa cha darasa la 60, kibao cha gavana kimetolewa. Dereva, faimani na gadi: majina yanatafutwa."

Watu walioiona ni wachache sana kuliko ile ya uongo, nisiwafiche. Ila juzi mama mmoja wa Gilgil ameniandikia inboksi. Anasema yule mwenye bendera anafanana na marehemu baba yake, na kwamba nyumbani kuna picha nyingine, ya karatasi, kubwa, na imeandikwa nyuma kwa kalamu. Jumamosi tunaenda, mimi, yule msichana na babu yake. Mzee amekubali kwa masharti mawili: akae kiti cha mbele, na matatu isiwe ya muziki.